Usiku Maji Yaliporudi

Kwetu Tabata maji yakikatika, kila apitaye bafuni hugusa bomba kuona kama yamerudi. Aliyeligusa wa mwisho akaliacha wazi, hadi leo hajapatikana. Yalirudi saa nane usiku, kuamkia Jumapili ya mbio, tena kwa kasi.

Mama mkwe alikuwa ameamka kuswali. Alipoweka mguu sebuleni akapiga ukelele nyumba nzima ikasimama. Zulia limelowa chepechepe, ndala zinaelea, na chini ya kochi vimezama viatu vya mbio vya mume wangu, Baba Asha, namba yake ya kifuani imo ndani ya kimojawapo.

Viatu vile havikuwa viatu tu. Mwaka jana mtoto wa jirani yetu alikutwa na tundu kwenye moyo, akafanyiwa upasuaji hapa hapa Muhimbili, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Sisi watu wazima tunakumbuka, kabla taasisi hiyo haijaanza mwaka 2015, jinsi mzazi alivyohangaikia rufaa ya kumpeleka mwanawe India. Siku hizi mama wa mtoto anapanda daladala. Lakini upasuaji una gharama, na wapo wasioimudu. CRDB Bank Marathon, iliyoanza 2020, huchangia matibabu ya watoto hao, pamoja na ya kina mama katika hospitali ya CCBRT. Baba Asha, ambaye hakuwa mkimbiaji, akalipa ada ya kilomita 42. Tangu hapo alfajiri za Jumamosi zikawa za Daraja la Tanzanite, nami nikimwombea dua.

Basi usiku ule hakuna aliyelala. Mimi deki, Asha ndoo, shemeji yangu akabeba zulia begani kama mzigo wa bandarini. Namba haikuharibika, tuliifuta tukaitundika mbele ya feni. Viatu nikavijaza magazeti, nikibadilisha kila yakilowa. Mama mkwe, kwa huruma ya mzazi, akaona magazeti yanachelewa. Akachukua kimoja, akakiegesha kando ya jiko la mkaa.

Harufu ya mpira ndiyo iliyotushtua. Soli ilikuwa imejikunja kisiginoni, imepinda juu kama ncha ya jahazi. Mama akakishika mkononi, machozi yakimlengalenga. "Nimemuua mwanangu." Mume wangu akamkumbatia: "Mama, viatu vinanunuliwa."

Saa kumi na nusu hiyo. Shemeji, dereva wa bodaboda aliyekuwa ampeleke Baba Asha kwenye mbio, hakusema neno. Alivua raba zake, akavaa ndala zilizolowa, akawasha pikipiki. Raba zilimzidi Baba Asha namba moja. Tukampa soksi mbili mbili. Kwangu mimi, mchango mkubwa wa siku ile ulitoka miguuni mwa kijana yule.

Tulimsubiri kwenye kamba mpaka jua likawa kali. Akatokea akichechemea, kucha za vidole gumba zimeiva nyeusi, akamaliza. Mama mkwe akampepea kwa kanga huku akimgombeza kwa kukonda.

Zulia tumelipeleka kwa fundi. Raba za shemeji zimeachia pembeni, na mpya tutamnunulia mwisho wa mwezi. Mama mkwe naye ametangaza kwamba mwakani atatembea kilomita 5. Ada ameshaanza kuidunduliza, na ameniagiza nimuulizie kama baibui linaruhusiwa.