Skrini Nyeusi? Kamata Bendera: Mwongozo wa Kirangozi wa Linux

Misafara ya Wanyamwezi iliyotoka Bagamoyo ilipofika Tabora, njia ziligawanyika: magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda. Kirangozi alitangulia na bendera, na kwenye njia panda aliweka tawi au kuchora mstari ardhini kuziba njia isiyofuatwa. Wewe uliyebonyeza Ctrl+Alt+F7 ukakuta giza tupu, leo kirangozi ni wewe. Twende.

1. Usikimbilie mganga. Kiini cha Linux kina konsoli pepe 63, tty1 hadi tty63, na eneo-kazi lako limekaa katika mojawapo. Halijafa, umepita njia isiyo yake.

2. Iage saba, yaani tty7 inayofunguliwa na Ctrl+Alt+F7. Zamani tty1 hadi tty6 zilikuwa za kuingilia kwa maandishi. Xorg, programu inayochora eneo-kazi, isipopewa namba hukiomba kiini konsoli ya kwanza iliyo wazi, basi ikaangukia ya saba, na watu wakakariri. Siku hizi systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, hufungua konsoli za maandishi pale tu zinapohitajika, huku tty6 ikiwekwa akiba. Ndiyo maana ukurasa wa kuingilia wa GDM, mlango wa eneo-kazi la GNOME, kwa kawaida huwa tty1, na kazi yako tty2.

3. Uliza, maana aulizaye hapotei. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina na nywila, kisha andika `loginctl`. Chukua namba ya kipindi chako cha eneo-kazi, si hiki cha tty3 ulichofungua sasa, tuseme 4, uandike `loginctl show-session 4 -p VTNr`. Likija jibu `VTNr=2`, bonyeza Ctrl+Alt+F2. Vitufe hivyo vikigoma, `sudo chvt 2` itakufikisha.

4. Ziba njia usiyoitaka. Ukitumia LightDM badala ya GDM, `minimum-vt` katika lightdm.conf huweka namba ambayo eneo-kazi halitashuka chini yake. Ukiwasha eneo-kazi kwa `startx`, ile ya kisasa huliacha kwenye konsoli uliyoianzishia, usilitafute kwingine.

5. Wafundishe wenzako hatua ya tatu kabla ya namba yoyote. Namba huhama toleo likibadilika, na mwanafunzi aliyekariri saba ataizima mashine kwa nguvu, apoteze kazi ambayo hakuihifadhi. Anayejua kuuliza ataikuta kazi yake ikimsubiri, kwenye mashine yoyote atakayokalia.