Jinsi ya Kuitwa Profesa kwa Chungwa Moja

Unataka kuitwa msomi, lakini muda wa kusoma huna. Usione haya. Kila mtu hupenda kusikilizwa, na wewe ni mtu. Huhitaji kujua lugha kumi wala kutembea na kamusi. Tafuta neno moja la Kiingereza ambalo wote wanalijua na hakuna anayejua lilikotoka, lishike barabara, kisha vizia nafasi. Neno lenyewe nakupa bure: "orange".

Hatua ya 1: Shika chungwa mkononi. Usianze na maneno matupu. Simama kwa muuza machungwa, mwache azungushe kisu mpaka ganda litoke utepe mmoja mrefu, akate juu, anyunyize chumvi na pilipili. Fyonza kidogo, kisha uliza kama mtu aliyejiwa na wazo sasa hivi: "Hivi Waingereza walianza kuita 'orange' tunda au rangi?" Wengi watasema rangi. Hapo umeshawapata. Tunda ndilo lililotangulia.

Hatua ya 2: Toa mwaka, usitoe hotuba. Mwaka mmoja ukitajwa bila kusitasita hunyamazisha watu kuliko hoja tano. Waambie Kiingereza cha kale hakikuwa na jina moja la rangi hii. Watu waliunganisha mbili wakasema "geoluread", yaani njano-nyekundu, au waliiita nyekundu tu wakaendelea na shughuli zao. Ushahidi bado unaruka matawini: ndege anayeitwa robin ana kifua cha rangi ya chungwa, lakini Waingereza wanakiita chekundu mpaka leo. Sasa toa mwaka wako: 1502. Daftari la matumizi la jumba la kifalme la Uingereza linataja mikono ya nguo ya hariri ya rangi hii, iliyonunuliwa kwa ajili ya Margaret Tudor, binti wa mfalme. Tunda lilikuwa limeshafika na jina lake zamani. Rangi ililiazima baadaye. Mtu akileta upinde wa mvua, mjibu kwamba Isaac Newton mwanzoni alihesabu rangi tano, kisha akaongeza hii na nili ili zitimie saba, sawa na noti za muziki.

Hatua ya 3: Safiri bila nauli. Taja vituo kwa mpangilio, kwa sauti ya kondakta asiye na haraka: Kisanskriti "naranga", Kiajemi "narang", Kiarabu "naranj", Kihispania "naranja", Kifaransa cha kale "orenge". Ukifika Kifaransa, shuka. Kisha watupie hili: "naranj" ambayo Waarabu waliipanda Sicily na Hispania ilikuwa danzi, ile chungu, wala si chungwa hili tamu. Chungwa tamu lilisambaa Ulaya baadaye, na Wareno walikuwa na mkono mkubwa katika biashara yake. Ndiyo maana Kiarabu kinaliita "burtuqal", kwa jina la nchi ya Ureno. Kama barazani yupo mzee aliyewahi kuishi Muscat, mwombe alitamke yeye. Utakuwa umempa heshima, naye atakuwa shahidi wako jioni nzima.

Hatua ya 4: Ruka mashimo matatu. Wajuzi wengi huangukia hapa, kwa hiyo tega sikio. Kwanza, usiseme Waingereza ndio waliomeza ile "n" ya mwanzo. Ilishapotea kabla haijavuka bahari kwenda kwao, huko Italia na Ufaransa, ambako neno lilikaa jirani na "or", yaani dhahabu, likazidi kufanana nalo. Pili, usiseme ukoo wa kifalme wa Uholanzi uliitwa kwa jina la tunda. Uliitwa kwa jina la mji wa Orange, kusini mwa Ufaransa, ambao Warumi waliuita Arausio. William, mwasisi wa ukoo huo, alirithi utawala wa mji huo mwaka 1544. Majina mawili yasiyohusiana yalikutana, rangi ikafuata ukoo, na leo timu ya taifa ya Uholanzi inaivaa. Tatu, kile kisa cha karoti kupewa rangi hii kwa heshima ya ukoo huo ni kitamu, lakini ushahidi hakina. Kiache akisimulie mwingine, kisha msahihishe kwa upole. Upole huo ndio utakaokumbukwa.

Hatua ya 5: Mngoje mbishi. Lazima atokee. Atainua chungwa la Muheza, bichi kwa rangi na bivu kwa utamu, na kuuliza: "Hii nayo ni rangi ya chungwa?" Usitetereke, swali hili ni zawadi. Mweleze kwamba ganda hupoteza ukijani wake usiku unapokuwa na baridi. Kwetu usiku una joto, basi chungwa huiva likiwa na kijani chake. Machungwa yaliyofika Uingereza yalitoka pande za Mediterania, ambako majira ya baridi huyapaka ganda. Wangepelekewa ya Muheza, rangi hii wangeitafutia jina kwingine.

Hatua ya 6: Rudisha mpira uwanja wa nyumbani. Usisubiri waulize kuhusu rangi nyingine za Kiingereza, maana umejiandaa kwa moja. Sema: "Na sisi je?" Waache wahesabu wenyewe. Zambarau ni tunda kabla ya kuwa rangi. Manjano ni kiungo cha mchuzi. Kijani kimetoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, waridi kwenye ua. Waingereza walifanya kwa chungwa lile ambalo Waswahili wamefanya kwa bustani na jiko zima: waliona kitu, wakakipa jina, kisha jina likapaka dunia. Dakika chache tu na kila mmoja atakuwa na mfano wake, mmoja ataapa kwa hudhurungi, mwingine atampigia simu shangazi yake athibitishe. Wakifika hapo, lipia machungwa ya wote. Profesa anayelipa hapingwi.