Chui, Mamba na Mchele wa Ukerewe

Chui, yaani Wajerumani, hawakuwa na shamba. Walikuwa na maboma, tarumbeta na matumbo. Mmoja alikaa Bukoba, mwingine Biharamulo, wa tatu Mwanza, na mkubwa wao, Mzee Wahle, alikuwa Tabora. Mchele wa kuwalisha wapiganaji wa Mwanza ulitoka Ukerewe, kisiwa kipana kuliko vyote vya Ziwa Viktoria.

Mamba, yaani Waingereza, walilijua hilo. Mkuu wao, Jenerali Crewe, alikuwa mwanasiasa wa Afrika Kusini aliyemiliki gazeti, kwa hiyo hakuhitaji kufundishwa namna ya kutangaza ushindi. Juni 1916 meli za Mamba, zilizofungwa mizinga, zikashusha askari Ukerewe. Chui waliokuwepo walikuwa wachache mno; kisiwa kikatwaliwa upesi, na Mamba wakaanza kuitazama Mwanza kwa macho ya mwenye njaa.

Biharamulo hakuna aliyesikia mlio wa mzinga wa Ukerewe. Walichosikia ni hodi.

"Mzee Kobe, shikamoo," alisema askari wa Chui, mkono tayari umo ghalani.

"Marahaba. Mnaondoka?"

"Tunajipanga upya."

"Basi jipangeni na mtama wenu, baba. Huo ni mbegu."

Hakusikilizwa. Mikungu ya ndizi ikaenda mibichi, mbuzi wakaenda na kamba zao. Kwa kusema kweli, kurudi nyuma kwa jeshi humgharimu mkulima zaidi kuliko kusonga mbele kwake.

Mwezi haujaisha, Tembo akatokea magharibi. Huyu alitoka Kongo, akapanda milima ya Rwanda, akavuka Kagera na kupita Usubi. Kamanda wake, Kanali Molitor, akaingia boma la Biharamulo na kupandisha bendera ya Ubelgiji. Chui wa Bukoba, Kapteni Gudovius, alikuwa akikimbilia kusini; Julai akakwaana na Tembo huko Kato, akajeruhiwa na kukamatwa.

Tembo ana nguvu, lakini hapendi kubeba. Mizigo yake ilikuwa juu ya vichwa vya Sisimizi, na 5,000 kati yao alikuwa ameazimwa na Mamba kutoka Uganda. Sisimizi walipanda vilima vya Usubi na masanduku ya risasi, wakila unga usioiva vizuri, wakiugua kuhara njiani. Aliyeanguka alivuliwa mzigo kwanza, ndipo akatazamwa kama anapumua. Katika taarifa za vita, jenerali ana jina na cheo. Sisimizi ni hesabu ya vichwa.

Julai 14 Mamba wakaichukua Mwanza. Hapo urafiki ukaanza kunuka.

"Ndugu yangu Tembo," aliandika Mamba, "tukutane kwa heshima, twende Tabora pamoja."

"Ndugu yangu Mamba," alijibu Tembo, "nitumie wabebaji zaidi."

Kila mmoja alimsifu mwenzake kwenye barua na kumlaani hemani. Kumbe wote walikuwa wanakimbia mbio. Septemba 19, 1916, Tembo akaingia Tabora. Mamba alikuwa bado njiani, na bila shaka jeshi lake lilikuwa na kisingizio kizuri. Haukupita muda jeshi lenyewe likavunjwa.

Mamba akataka Tabora, Tembo akataka malipo. Vita vilipokwisha, akapewa Rwanda na Urundi. Karani akaja Ngara na ramani na kalamu, akamwambia Kobe mwingine, wa Bugufi, kwamba yeye ni wa Mamba, ila mkwewe wa ng'ambo ni wa Tembo.

Kobe akafikiri kwa muda mrefu, kama desturi ya ukoo wake.

"Bwana karani, huyo mkwe nilikuwa namdai ng'ombe wawili wa mahari. Sasa nimdai nani, Mamba au Tembo?"

"Andika barua," akasema karani, akikunja ramani.

"Kwa nani?"

"Hilo nalo uliulize kwenye barua."