Ombi la Viza kwa Ushahidi wa Muheza

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Miongozo ya Surviving Sepsis Campaign,
Marekani na Ulaya.

YAH: OMBI LA VIZA KWA USHAHIDI WA MUHEZA

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, poleni na majukumu. Tangu 2004 mmekuwa mkiwaelekeza madaktari wa dunia nzima namna ya kumtibu mgonjwa mahututi wa sepsisi, yule ambaye maambukizi yamemzidi nguvu mpaka presha inaporomoka na figo zinagoma. Mnaifanya kazi hiyo kwa uwazi wa kupigiwa mfano. Maagizo mengi mnayapa alama mbili: ya kwanza inapima nguvu ya agizo, ya pili ubora wa ushahidi. Ni nadra kumpata mkubwa anayetoa amri na papo hapo akakiri kwa maandishi kwamba hana hakika nayo.

Chukueni lile agizo la 2016: mgonjwa atundikiwe dripu, angalau mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, ndani ya saa tatu za kwanza. Nguvu ya agizo: kubwa. Ubora wa ushahidi: wa chini. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni lita 1.8, yaani chupa tatu za nusu lita na zaidi ya nusu ya chupa ya nne. Kipimo hicho mlikitoa wapi? Mlieleza wenyewe kwamba tafiti za kukitetea ni chache, ila ndicho kiasi ambacho madaktari wengi walikuwa wakikitoa. Kumbe mliwachungulia wanachofanya, mkakigonga muhuri, mkawarudishia kama amri! Mwaka 2021 mkalishusha daraja, likawa pendekezo dhaifu. Maji yaleyale, chupa zilezile. Kilichopungua ni sauti.

Lakini hayo tungewasamehe. Kilichonifanya nishike kalamu ni suala la anwani.

Mwaka 2001 hospitali moja ya Detroit ilichapisha utafiti wa wagonjwa 263. Waliohudumiwa kwa ratiba kali ya saa sita, kwa mpira ndani ya mshipa mkubwa, dripu, dawa za kupandisha presha na damu, walikufa asilimia 30.5; wenzao wa tiba ya kawaida walikufa asilimia 46.5. Hospitali moja, wagonjwa 263, na ratiba hiyo ikaingia kwenye mwongozo wenu wa 2004 ikiwa imenyooshwa na kupigwa pasi. Sikusikia mkiuliza kama mgonjwa wa Detroit anafanana na wa Dodoma. Baadaye, 2014 na 2015, zikaja tafiti tatu kubwa, moja ya Marekani, moja iliyoongozwa kutoka Australia na New Zealand, na moja ya Uingereza, zenye wagonjwa zaidi ya 4,000 kwa jumla. Hazikuona kwamba ratiba ile inaokoa watu kuliko tiba ya kawaida.

Sasa twende Muheza, hapa kwetu Tanga. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Muheza, Kilifi na hospitali nne za Uganda, kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliomiminiwa dripu kwa kasi walikufa kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa, asilimia 7.3. Mwaka 2017 Lusaka nao wakaripoti kuhusu watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini: waliofuata ratiba ya dripu nyingi na dawa za kupandisha presha walikufa asilimia 48.1, waliotibiwa kwa kawaida asilimia 33.

Mwongozo wenu wa watoto wa 2020 uliupa ushahidi wa Muheza daraja la juu, heshima adimu katika kurasa zenu. Kisha mkauwekea mpaka: unawahusu watoto wa mahali pasipo na chumba cha wagonjwa mahututi (ICU), tena ambao presha haijashuka. Palipo na ICU, mtoto anaweza kupewa mililita 40 hadi 60 kwa kilo katika saa ya kwanza. Ubora wa ushahidi? Wa chini.

Najua mtasema watoto wengi wa FEAST walikuwa na malaria, na mashine za kupumulia hazikuwepo. Hoja hiyo ni ya haki kabisa. Ndiyo maana nauliza: ile ratiba ya Detroit, iliyozaliwa palipo na kila mashine, ilivukaje bahari bila hata kusimamishwa forodhani?

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, ushahidi wa Detroit nao uombe viza. Pili, ushahidi ukiwa wa chini, sauti ya agizo ishuke siku ileile, isisubiri toleo lingine. Tatu, mwaka 2016 kulikuwa na maswali manne mliyoyaacha bila pendekezo lolote. Tunaomba yaongezeke. Daktari akisoma “hatujui” atamtazama mgonjwa kwa makini zaidi, na mtafiti atajua pa kuanzia.

Asijitokeze mtu akang'oa dripu kwa ajili ya barua hii. Mtoto anayeharisha mpaka macho yameingia ndani anaihitaji, na FEAST haikumgusa huyo. Ugomvi wangu ni na muhuri.

Wenu katika kutii maagizo yenye nguvu,
Mwananchi wa Tanga.

Nakala: Wagonjwa wote wanaosubiri toleo lijalo.