Namna ya kuufikisha mshahara tarehe 30 ukiwa hai

Vinavyohitajika: daftari la shule, kalamu, watu wazima wote wa nyumba hiyo, na chai ya kutosha. Kaeni kabla mshahara haujaingia, tarehe 23 au 24 hivi, wakati hakuna mwenye pesa na kwa hiyo hakuna mwenye kiburi. Pesa ikishasoma kwenye simu, kikao hugeuka mnada: huyu anataka viatu, yule anakumbusha kuwa kifurushi cha king'amuzi kimeisha, na daftari halifunguliwi tena.

Anzeni na watu, unga utafuata. Andikeni majina: mama kijijini na dawa zake za presha, mdogo wenu aliyeko chuo, shemeji anayepiga simu kila katikati ya mwezi. Bajeti nyingi za Dar es Salaam huandikiwa familia ambayo haipo: haifiwi, haialikwi harusi, wala haimpokei mjomba kutoka Singida aliyekuja hospitali kwa siku tatu akakaa wiki tatu. Familia hiyo ingemaliza mwezi vizuri sana. Yenu inahitaji mstari wa michango na misiba wenye kiasi kamili, hata mwezi ambao hakuna aliyekufa wala kuoa. Mwezi huo pesa isiguswe. Ramadhani ikiisha, na Desemba ikikaribia, kamati za harusi huamka kwa pamoja.

Wapo wanaoona haya kumwandika mama kwenye daftari, kana kwamba wanampimia. Mwandikeni. Mama aliyeandikwa hupata chake kabla ya king'amuzi. Asiyeandikwa hungoja kitakachobaki, na hakibaki kitu.

Kisha kateni yale makubwa vipande vipande. Wenye nyumba wengi hapa hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Chumba cha 100,000 kwa mwezi kinakuwa 600,000 kwa siku moja, na siku hiyo ndiyo wakopeshaji wa kausha damu wanayoisubiri. Kila mwezi wekeni 100,000 mahali ambapo kidole hakifiki haraka: kibubu kilichopigiliwa misumari, kikundi cha VICOBA, akaunti isiyo na kadi. Mkicheza mchezo, ombeni zamu inayoangukia mwezi wa kodi. Zamu ikija mapema mno, hela inakuwa kochi jipya kabla mwenye nyumba hajabisha hodi. Ada ya Januari igaweni vivyo hivyo, kuanzia Februari.

Kwenye umeme kuna hesabu ambayo wapangaji wengi hawaambiwi. Kwa bei zilizoanza 2016, mteja wa majumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi alipangiwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Mteja wa kundi la kawaida, shilingi 292. Wapangaji watano wakichangia mita moja, kila mmoja akiwa na taa zake mbili na feni, kwa pamoja wanaipita 75 na wote wanalipa kama wenye matumizi makubwa. Kabla ya kumnunia jirani mwenye pasi, mwombeni mwenye nyumba ruhusa ya kila familia kuwa na mita yake.

Sokoni, ogopeni vipimo vidogo. Mafuta ya kupima, mkaa wa kopo, sukari ya robo: kila kimoja kinaonekana hakina madhara, lakini vikijumlishwa hadi mwisho wa mwezi mnakuta mmelipa zaidi ya mwenye uwezo aliyenunua gunia. Siku ya mshahara nunueni dumu la lita tano, kiroba cha sembe na mche mzima wa sabuni. Halafu lificheni dumu. Nasema kweli, lifungieni chumbani, maana mkono wa mpishi hulegea ukiona wingi. Kila Jumapili miminieni kwenye chupa ndogo mafuta ya wiki hiyo.

Mstari wa "mengineyo" ufuteni kabisa. Humo ndimo hupitia bodaboda, bando na chipsi za usiku. Kila kimoja kipewe jina lake na kiasi chake.

Sasa kadi ya mchango wa harusi imefika, na mwenyekiti wa kamati ameshaanza kuwatangaza waliotoa kwenye kundi la simu. Fungua daftari uone kilichomo, kisha jibu siku hiyo hiyo: "Mwenyekiti, familia yetu inatoa 20,000, naituma sasa hivi." Usiahidi 100,000 ili jina lipendeze. Kamati hupanga vyakula na viti kwa ahadi, na ahadi hewa humwangukia mzazi wa bibi harusi, ambaye naye ana mwezi wake wa kuumaliza. Kama mwenye harusi ni ndugu wa karibu, mwambie pia kwamba Ijumaa mtafika mapema kumenya vitunguu.