Jinsi ya Kuvunja Mgongo Ukiwa Umekaa

Mwaka wa fedha Tanzania unafungwa tarehe 30 Juni, kwa hiyo mhasibu makini huanza maandalizi mapema. Kwanza tafuta kiti ambacho gesi yake imekufa. Unakipandisha asubuhi, na kufika saa nne kimeshashuka chenyewe, mabega yako yanapanda kuifuata kibodi. Usikiripoti. Utaambiwa uandike dokezo, na dokezo utaliandikia kwenye kiti hichohicho.

Kompyuta iwe laptop. Skrini na kibodi vimeshikana, kwa hiyo ukiiinua mikono inaumia, ukiishusha shingo inaumia. Wapo wajanja wanaoipandisha juu ya rimu mbili za karatasi na kuchomeka kibodi ya pembeni. Achana nao, rimu ni za printa. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, na kadiri unavyokiinamisha ndivyo shingo inavyobebeshwa zaidi.

Mausi ikae mbali, nyuma ya kikombe na faili la hati za malipo, mkono ubaki unaning'inia. Kiganja kikunje kwa juu. Neva inayopita katikati ya kifundo cha mkono ikibanwa ipasavyo, utaamka usiku wa manane gumba, kidole cha shahada na cha kati vimekufa ganzi. Kidole cha mwisho kitasalimika. Kina neva yake.

Lakini hayo ni mapambo tu. Kazi yenyewe ni kutojongea. Hata mkao wa kwenye picha za madaktari, ukiushikilia saa tatu mfululizo, misuli inakaza na kuchoka. Basi chai iletwe mezani. Mwenzio wa meza ya pili mtumie WhatsApp. Maji usiyaguse, yatakupeleka msalani, na msalani ni mwendo. Ukijaliwa bosi wa kusimama nyuma yako na kuuliza, "Bado tu?", mshukuru: msongo wa kazi nao umo kwenye orodha ya visababishi, na mabega yatakaza bila wewe kujisumbua.

Maumivu yakishaingia, mkwepe mtaalamu wa fiziotherapia, huyo atakuambia utembee. Mwombe dada wa masjala dawa ya kuchua, jipake hapohapo ofisi nzima ipige chafya, urudi kwenye Excel. Jioni, ukibahatika siti ya daladala la Mbagala, inamia simu. Foleni itakupa muda wa ziada, bure.