Kioo Kimegoma

Kwa miezi saba nilinunua kompyuta kwa vipande, kama mtu anayejenga nyumba kwa tofali mbilimbili. Mwezi huu kesi, mwezi ujao pawasaplai, kisha mazabodi, prosesa, diski ya SSD nyembamba kama bigijii, na mwisho rami mbili za DDR5, gigabaiti 16 kila moja. Muuzaji wa Kariakoo aliniuliza kama nitahitaji fundi wa kuniungia. Nikacheka. Fundi wa nini, na mimi nimeshaangalia video 14?

Jumamosi asubuhi nikatandika mkeka sebuleni, nikapanga bisibisi kama daktari wa upasuaji. Mama akapita na ungo wa mchele, akautazama mkeka. "Baba, ukimaliza kuibomoa ufagie hapo." Nikamweleza kwamba siibomoi, naiunda. Akasema, "Haya," ile haya ya kufunga mazungumzo.

Saa 8 mchana nikaita nyumba nzima ishuhudie uzinduzi. Nikabonyeza. Kimya. Mpwa wangu wa darasa la nne akazunguka nyuma. "Anko, hiki kiswichi cha nini?" Kilikuwa cha pawasaplai, na kilikuwa kimezimwa. Nikamwambia nilikuwa nampima akili.

Nikabonyeza tena. Feni zikazunguka, taa za rangi zikawaka, watu wakapiga makofi. Kioo kikabaki cheusi tii. Makofi yakafifia, mmoja mmoja akakumbuka ana shughuli. Nikahesabu hadi 30, nikazima.

Hapo ndipo ufundi wangu ulipoanza. Pembeni mwa mazabodi kuna vitaa vinne vidogo vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kinachong'ang'ania kuwaka ndicho kinachokuonyesha palipokwama. Kilichong'ang'ania kilikuwa cha DRAM, rangi ya chungwa. Basi ni rami. Nikazichomoa, nikazichomeka upya mpaka zikalia "ta!" Nikawasha, nikahesabu 30, nikazima. Nikaacha rami moja, tundu la pili kutoka kwenye prosesa, kama kijitabu kinavyoelekeza. 30, zima. Nikaweka nyingine. 30, zima. Nikaazima kebo ya HDMI ya televisheni, penalti ikapigwa hatukuiona, na tangu hapo nyumba nzima ikahamia upinzani. Mwisho nikang'oa betri ya mazabodi, CR2032, ile bapa kama sarafu, ili bodi isahau kila kitu ianze upya. Ikasahau. Nami nikasahau kula.

Kufikia magharibi nilikuwa nimeshamshuku muuzaji, kiwanda, na jirani aliyeniangalia kwa jicho baya siku niliyoshusha boksi la kesi. Nikameza mate, nikampigia rafiki yangu fundi, yule aliyewahi kujitolea kunisaidia nikamjibu kwamba siku hizi kila kitu kipo kwenye video.

"Kitaa cha DRAM?"

"Ndiyo, kaka."

"Umesubiri dakika ngapi?"

"Dakika?"

Alicheka mpaka simu ikakwaruza. Kisha akanieleza. Kwenye bodi za AM5 kama yangu, rami za DDR5 zikiwashwa mara ya kwanza, bodi hukaa kwanza ikizijaribu na kurekebisha mawasiliano yake nazo mpaka yasiwe na makosa. Muda wote huo kioo huwa cheusi na kitaa cha DRAM huwaka. Huchukua dakika kadhaa, pengine hata 10 na zaidi. Ikishamaliza huhifadhi majibu, safari zinazofuata inawaka haraka. Lakini ukiizima katikati, inaanza moja. Ukihamisha rami, inaanza moja. Ukitoa betri, inasahau hata kile kidogo ilichokuwa imekipata.

"Kwa hiyo, kaka, tangu saa 8 unamwamsha mtu kumuuliza kama ameshalala."

Nikarudisha rami zote mbili, betri yake, kebo ya watu. Nikawasha. Kitaa kile kile. Mkono ukaanza kuniwasha. Bahati nzuri Mama akaita kutoka jikoni: "Njoo unipalie wali!"

Nikapanga makaa juu ya mfuniko, nikachuchumaa. Hazikupita dakika mbili, mkono ukaenda wenyewe kwenye mfuniko nione umefikia wapi. Mama akaupiga kwa mwiko. "Wali hauchunguliwi! Ukiufunuafunua unabaki na kiini." Sikumjibu. Nilihisi kama amezungumza na fundi.

Tulikuwa tunaondoa makaa mpwa alipopiga ukelele: "Anko! Imeandika!"

Nikakimbia. Kioo kilikuwa cheupe kwa maandishi: prosesa imeonekana, gigabaiti 32 zimehesabiwa zote. Diski: hakuna. Kitaa kilikuwa kimehamia BOOT. Nikageuka taratibu. Juu ya friji, ndani ya boksi lake ambalo halijafunguliwa, bigijii yangu ilikuwa imetulia.

Mchana ule ningerukia bisibisi. Nikanawa mikono, nikavuta sahani. Wali ulikuwa umechambuka punje kwa punje.